Nyumba ya Asali ya Nürnberg

Watoto ninaowalea katika chekechea moja hapa Nürnberg wanaamini kwamba nyumba ya biskuti za asali tunayoijenga kila Desemba imetoka katika kitabu cha ndugu wawili Grimm. Wazazi wao wanaamini hivyo hivyo. Ni imani nzuri, lakini haitoshi. Jacob na Wilhelm Grimm walitoa juzuu ya kwanza ya hadithi zao mjini Berlin mwezi Desemba 1812, na humo ndimo walimo Hänsel na Gretel, kaka na dada waliotelekezwa msituni kwa sababu nyumbani chakula kilikuwa kimekwisha. Ukiisoma hadithi hiyo kwa makini utaona kwamba nyumba ya yule kizee mchawi imejengwa kwa mkate, imeezekwa kwa keki, na madirisha yake ni ya sukari. Tangawizi haimo. Karafuu haimo. Asali haimo. Vitu hivyo viliingia nyumbani mwa mchawi kwa mlango mwingine, na mlango huo walioufungua ni waokaji na wafanyabiashara wa miji kama huu ninaoishi.

Mimi ni mtu wa Pemba. Nimezaliwa Wete, katika nyumba ambayo msimu wa karafuu ukifika ua wote hutandikwa majamvi na mtu hana pa kukanyaga. Kwa hiyo historia ya nyumba hii naisoma kuanzia upande wa viungo, si upande wa hadithi, na nikiisoma hivyo inanigusa mahali ambapo wenyeji wangu wa hapa hawapafikirii.

Tuanze na msitu, maana bila msitu pasingekuwa na asali. Nürnberg imezungukwa na misitu ya misonobari, na katika Zama za Kati misitu hiyo ilikuwa chini ya Kaisari. Ndani yake walifanya kazi warina asali wenye haki zao za pekee. Mwaka 1350 Karl IV, mfalme aliyekuja kuwa Kaisari, aliwathibitishia haki hizo kwa waraka: waliruhusiwa kubeba pinde msituni, walitoa ushuru wa asali, na kesi zao zilisikilizwa na baraza lao wenyewe katika kijiji cha Feucht, kusini mashariki ya mji. Mizinga yao waliichonga ndani ya miti iliyosimama, juu sana, wakawa wanapanda kwa kamba. Mrina asali wa Tabora angewaelewa bila mkalimani. Nta ilikwenda makanisani kwa ajili ya mishumaa, asali ikaenda kwa waokaji. Sukari siku hizo ilikuwa adimu, ikiuzwa na wauza dawa kwa bei ya dawa.

Asali ina faida moja ambayo mwokaji yeyote wa zamani aliijua: keki yake haiharibiki upesi. Donge la unga na asali waliliacha likae chumba cha baridi kwa wiki nyingi, hata miezi, kisha wakalioka, na kilichotoka tanurini kilisafirishwa mbali kikafika salama. Ndiyo maana keki hii iliota mizizi katika miji ya njiani, miji ya misafara. Mwokaji wa keki za asali anatajwa katika hati za Nürnberg mwaka 1395. Waokaji hao walikuwa chini ya waokaji wa mikate kwa muda mrefu, wakalalamika kwa muda mrefu vilevile, mpaka mwaka 1643 walipopata chama chao wenyewe, katikati ya vita vya miaka 30 ambavyo viliiacha sehemu kubwa ya Ujerumani ikiwa magofu. Jina la Kijerumani la keki hiyo ni Lebkuchen, na tangu 1996 sheria ya Ulaya inakataza keki iliyookwa nje ya mji kuitwa Lebkuchen ya Nürnberg.

Uhusiano wa keki hii na watoto ni wa zamani kuliko ndugu Grimm. Mwaka 1487 Kaisari Friedrich III alikuwa hapa kwa mkutano wa wakuu wa dola yake. Masimulizi ya mji yanasema aliwaita watoto wote, wakakusanyika karibu 4,000 chini ya ngome, na kila mmoja akapewa keki ya asali iliyochapwa sura ya Kaisari mwenyewe. Keki za namna hiyo zilichapwa kwa kalibu za mbao. Makumbusho ya taifa ya Wajerumani, ambayo yako mjini humu humu, yana kalibu kama hizo, na nawapeleka watoto wakazione. Zimechongwa kwa ndani, kinyume, kwa kisu kidogo, mpaka kope za farasi zinaonekana. Wanapoziona wanaelewa mara moja kwamba donge la keki ya asali si kama donge la maandazi. Halifuri ovyo. Linashika umbo uliloliambia lishike, na ndiyo sababu linaweza kuwa ukuta.

Sasa nije kwenye viungo. Mdalasini, iliki, kungumanga, basibasi, karafuu, tangawizi: hakuna hata kimoja kinachoota Ulaya. Vilikuja kwa bahari kutoka Bara Hindi na visiwa vya mashariki, vikapita Bahari ya Shamu au Ghuba, vikafika Venice, na kutoka Venice vikavuka milima kwa nyumbu. Wafanyabiashara wa Nürnberg walikuwa na vyumba vyao katika nyumba ya Wajerumani kule Venice, kandokando ya mfereji mkuu. Mji uliweka wakaguzi wa viungo, na ukaguzi haukuwa wa mchezo. Mwaka 1444 mfanyabiashara mmoja aliyechanganya zafarani na takataka alichomwa moto hadharani pamoja na zafarani yake. Kiungo kilikuwa mali ya kuulia mtu.

Na watu waliuawa kwa ajili yake, tena si Nürnberg tu.

Shuleni Pemba tulifundishwa kwamba mwaka 1505 Wareno waliipiga Kilwa, kisha Mombasa. Tuliandika tarehe, tukaandika jina la kamanda wao, Francisco de Almeida, tukafunga madaftari. Nani aligharimia merikebu zile hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Nimelijua jambo hilo nikiwa hapa, katika mji huu wa keki za asali, na tangu siku hiyo sijaweza kuinua mchi bila kulikumbuka.

Vasco da Gama alipopata njia ya kuzunguka Afrika na kufika Bara Hindi mwaka 1498, akiongozwa kutoka Malindi na rubani aliyeijua bahari yetu, wafanyabiashara wa kusini mwa Ujerumani waliona kwamba Venice haitakuwa tena mlango wa pekee. Walifanya mapatano na mfalme wa Ureno. Almeida alipoondoka Lisbon tarehe 25 Machi 1505 na merikebu zake zaidi ya 20, tatu kati yake zilikuwa zimegharimiwa na matajiri wa Ujerumani na wenzao Waitalia. Wajerumani walichanga sarafu za dhahabu zipatazo 36,000. Sehemu kubwa zaidi ilitoka kwa ukoo wa Welser wa Augsburg, lakini Nürnberg nayo ilikuwamo: koo mbili za mji huu, Imhoff na Hirschvogel, ziliweka fungu lao. Walichokitaka ni pilipili na viungo vya Bara Hindi. Pwani yetu ilikuwa njiani.

Tarehe 24 Julai askari walishuka Kilwa. Mtawala wake, Amir Ibrahim, alikuwa ameshaukimbia mji. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakapora, kisha wakaanza kujenga ngome yao na kumweka mtawala waliyemtaka wao. Katikati ya Agosti wakafika Mombasa. Mombasa haikukubali kirahisi, watu walipigana vichochoroni na kurusha mawe na mishale kutoka juu ya madari, lakini mji ulichomwa na kuporwa, na maiti zikabaki mitaani. Haya hayakuandikwa na maadui wa Wareno. Yaliandikwa na Wajerumani waliokuwamo melini kuangalia mali ya mabwana zao. Mmoja, Hans Mayr, aliacha maelezo ya Kilwa na nyumba zake za mawe za ghorofa. Mwingine, Balthasar Sprenger, alichapisha kitabu cha safari yake mwaka 1509, chenye picha za watu aliowaona njiani. Merikebu zilirudi Lisbon mwaka uliofuata zikiwa zimesheheni viungo, na waliochanga wakagawana faida.

Sisemi kwamba kila keki ya asali iliyookwa Nürnberg mwaka 1506 ilikuwa na damu ya Kilwa. Nasema kwamba mji uliojulikana Ulaya nzima kwa keki yake tamu ulikuwa na hisa katika msafara ule, hisa yenye kiasi na yenye majina ya watu, na kwamba nyumba za hao waliochanga na makanisa waliyoyapamba yanaonyeshwa kwa watalii hadi leo. Jambo hili liko katika vitabu vya historia vya wenyeji wenyewe. Wanalijua kama biashara. Sisi tunalijua kama msiba. Ni safari ile ile moja, na naona ni haki tuijue kwa pande zote mbili.

Karafuu ilikuwa bado haijafika kwetu wakati huo. Ilikuwa inatoka Maluku tu, visiwa vidogo vya Ternate na Tidore na jirani zake, na baadaye Waholanzi waliishikilia kwa mkono wa chuma. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikisha kuiba miche na kuifikisha Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuileta ni Mwarabu aliyeitwa Saleh bin Haramil. Mashamba ya kwanza yanayokumbukwa ni Mtoni na Kizimbani. Sultani Seyyid Said alipoona inastawi aliyachukua mashamba yale na kuwahimiza wenye ardhi wote wapande. Inasimuliwa kwamba aliamuru mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Walioipanda, kuipalilia na kuichuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara kwa maelfu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897, lakini miaka ile yote katikati karafuu ilikuwa ikisafirishwa.

Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba jina. Wakati huo kampuni za Hamburg, O'Swald na Hansing, zilikuwa zimeshajikita Unguja. Mji wao ulikuwa na mkataba na Sultani tangu 1859. Kijana wa Kihamburg, Heinrich Ruete, aliyefanya kazi kwa Hansing, ndiye aliyemwoa Sayyida Salme, binti Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni penye mikarafuu ile ya mwanzo. Salme alifika Hamburg na mumewe mwaka 1867 na kulea watoto wake Ujerumani. Kwa hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 19, siku ambazo nyumba ya mchawi ilikuwa inaingia majikoni mwa Wajerumani, sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilikuwa imechumwa Unguja na Pemba. Yule mchawi wa msituni alikuwa ananukia Wete.

Aliyemhamisha kutoka nyumba ya mkate kwenda nyumba ya asali na viungo, mbele ya macho ya watu wengi, ni mwanamuziki Engelbert Humperdinck. Dada yake Adelheid Wette alimwomba amtungie nyimbo chache za mchezo wa watoto wake wa nyumbani. Nyimbo zikakua zikawa opera nzima, ikaonyeshwa mara ya kwanza Weimar tarehe 23 Desemba 1893, Richard Strauss akiiongoza. Ndani ya opera hiyo mchawi huwageuza watoto kuwa keki za asali na kuwasimamisha kama ua wa nyumba yake. Anaposukumwa tanurini na tanuri kupasuka, keki zile zinarudi kuwa watoto, wengi, wakiwa wamefumba macho, wakisubiri kuguswa ili waamke. Kwa kuwa ilianza siku mbili kabla ya Krismasi, majumba ya opera ya Ujerumani yameishika kuwa mchezo wa Desemba. Waokaji walikuwa wameshaanza kutengeneza nyumba hizo kabla yake, lakini naamini opera hii ndiyo iliyozifunga na Krismasi.

Kitu kimoja zaidi kilihitajika, nacho ni sukari rahisi. Theluji ya paa ni ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga, na maskini wa mwaka 1700 asingethubutu kuimwaga hivyo. Mkemia Andreas Marggraf aligundua mwaka 1747 kwamba sukari imo katika kiazi cha bitiruti, na mwanafunzi wake Franz Achard alifungua kiwanda Silesia mwanzoni mwa karne iliyofuata. Baada ya hapo sukari ilishuka bei mpaka ikafika mezani kwa fundi na mfua nguo.

Ujenzi wetu unaanza na karafuu nzima. Sinunui mchanganyiko wa pakiti. Naleta kinu cha nyumbani na mchi wake, namwaga karafuu kwenye sinia, na kila mtoto anachukua punje moja anaitazama: shina dogo, pembe nne, na kichwa cha mviringo ambacho ni ua lisilochanua. Nawaambia kwamba lingeachwa likachanua lisingefaa, na kwamba bibi yangu alikwea miti kuyafuata maua hayo mpaka uzee ulipomzuia. Nawaambia jinsi vishada vilivyoshushwa kwa pakacha, na jinsi usiku watu wazima na watoto walivyokaa duara kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, kidole gumba kikiwa cheusi. Kisha wanaponda kwa zamu. Mtoto wa miaka mitano akiponda karafuu kwenye kinu huwa anafumba macho kwa ukali wa harufu, halafu anataka zamu nyingine.

Asali na siagi tunapasha moto mpaka viyeyuke, tunaviacha vipoe, tunatia unga wa ngano, mayai na viungo. Kinachoinua keki hii kidogo ni chumvi ya amonia, ambayo zamani ilitengenezwa kwa pembe za kulungu. Ikiingia tanurini inatoa harufu kali ya kuchoma pua, kwa hiyo tunafungua madirisha yote hata kukiwa na baridi. Donge linalala usiku mzima. Kesho yake tunalisukuma kwa kifimbo cha chapati, unene wa nusu sentimita, tunaweka violezo vya karatasi ngumu juu yake na kukata: kuta mbili za ubavu, mbili za mbele na nyuma, mapaa mawili, bomba la moshi. Madirisha tunayakata kabla ya kuoka, na ndani yake tunaweka pipi ngumu zilizopondwa, ambazo zikiyeyuka tanurini zinakuwa vioo. Hapo ndipo ndugu Grimm walisema kweli.

Vipande vikitoka tanurini huwa laini bado, na lazima kingo zikatwe upya hapo hapo, maana vikipoa havikati tena, vinavunjika. Kazi hiyo naifanya mwenyewe. Kusimamisha kuta ni kazi ya watoto: wawili wanashika, mmoja anapaka sukari pembeni, na makopo ya maharage yanawekwa ndani na nje kuzitegemeza. Kuta zinaachwa saa kadhaa zikauke kabla ya paa kupandishwa. Wenye haraka huona paa linateleza taratibu mpaka mezani. Pipi za kupambia nazichagua mwenyewe, zisizo na jelatini ya nguruwe, kwa sababu chekecheani tuna watoto wa Kiislamu, mmoja wao wangu, na sitaki mtoto yeyote akae pembeni siku ya kula.

Watoto wadogo nawaeleza karafuu, bibi, kinu na mchawi, basi. Kilwa siwaelezi. Wanangu wakubwa, waliozaliwa hapa na wanaozungumza Kijerumani kuliko Kiswahili, nimewaeleza yote nikiwa nakata kuta jikoni kwetu. Binti yangu aliniuliza kama waliochanga zile fedha walijua zitafanya nini. Nilimwambia kwamba mawakala wao walikuwamo merikebuni, waliona, waliandika, na maandishi yalirudi.

Basi ndugu msomaji, ukiwa Ulaya au Marekani au hata Mombasa, na watoto wamekutaka uwajengee nyumba hii, wajengee. Ni kazi ya siku mbili na inawafundisha kungoja. Lakini nunua karafuu nzima, uulize kama ni ya Pemba, na umpe kila mtoto punje yake kabla ya kuponda. Umwambie ilichumwa kwa mkono na nani, na aliyeipanda mwanzo alikuwa mtumwa. Akifika umri wa kuelewa, mwonyeshe Kilwa kwenye ramani, umtajie mwaka 1505.